Kwihara ianze na wapagazi

Shule ikitangaza ziara ya kimasomo kwenda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mabishano ni yale yale. Walimu wa historia wanataka vijana walione tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Wazazi wanauliza nauli hiyo ni ya nini wakati mtihani wa kidato cha nne unakaribia.

Wazazi wana hoja nzito. Ada ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, lakini gharama za ziara bado zinaangukia nyumbani. Shule ya Sikonge au Kaliua ikikodi basi, siku nzima imekwisha: maelezo ya haraka, picha za simu, kisha safari ya kurudi. Hayo ni matembezi, na mzazi aliyeuza mahindi ili mwanawe aende ana haki ya kulalamika. Wapo pia wanaosema urithi uko kwa wazee na kwenye ngoma, haumo kwenye makabati ya makumbusho. Ni kweli kwa sehemu, ila hakuna mzee aliye hai leo aliyeiona misafara ya pembe za ndovu ikipita Unyanyembe, utemi wa zamani wa eneo hili la Tabora.

Hapo ndipo Kwihara inapokuwa na thamani. Oktoba 1873 Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, pamoja na wenzao waliingia hapa wakiwa na mwili wake, aliyefariki tarehe 1 Mei huko Chitambo, katika Zambia ya leo. Walikuwa wameukausha na kuubeba kwa miguu miezi mingi. Mwingereza Verney Lovett Cameron, waliyemkuta hapo, aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Waliendelea na safari, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Mweke kijana wa miaka 16 mahali pale, umuulize yeye angeamua nini na kwa sababu gani, kisha umwache abishane na wenzake. Somo hilo sijaona ubao ukilitoa.

Lawama ninayoiunga mkono zaidi ni kwamba simulizi za maeneo haya humtukuza mgeni na kuwapita wenyeji. Njia ile ya misafara ilitembea kwa mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, na juu yake walipitishwa watu waliofungwa minyororo kwenda kuuzwa pwani. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, akalipua baruti asitekwe. Mwanafunzi akitoka Kwihara bila kuyasikia haya, amenyimwa historia yake mwenyewe, na bado anadaiwa nauli. Lakini kosa hilo ni la maelezo, na maelezo yanaweza kuandikwa upya. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, limerahisisha kazi hiyo: mwalimu na mwongoza wageni sasa wanaweza kuandaa maswali pamoja kabla ya ziara.

Kwa shule za mjini Tabora sioni kisingizio. Kwihara ni jirani, na wanafunzi waende zaidi ya mara moja. Kwa shule za mbali, ni afadhali mwongozaji awafuate darasani na ramani, picha na nakala za barua za wakati ule, kwa gharama ya halmashauri. Halmashauri isipotenga fedha hizo, simlaumu mzazi wa Kaliua anayekataa kuchangia basi.