Mgeni wa Tanga, uliza maji kabla ya kuuliza vivutio

"Waja leo waondoka leo" ni msemo wa utani. Wenyeji wa Tanga huusema wakicheka, maana wanawajua waliokuja kwa siku mbili wakaishia kuoa na kujenga. Wageni wa siku hizi wameugeuza ratiba. Wanashuka stendi ya Kange saa saba mchana, wanapanda bodaboda hadi mapango ya Amboni, wanapiga picha tatu, na jioni wanatafuta basi la kurudi Dar. Wakifika huko wanasimulia kuwa Tanga hakuna kitu.

Kwa maoni yangu Tanga inataka siku mbili kamili, bila kuhesabu siku ya kufika. Na cha kupangia siku hizo ni maji ya bahari; orodha ya vivutio itafuata yenyewe. Ghuba ya Tanga ina kina kifupi pembeni na mikoko mingi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi jioni na hupwa kama saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza dakika hamsini hivi. Baada ya wiki moja, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka: maji hujaa asubuhi, ila hayapandi sana. Kwa hiyo anayekwenda ufukwe wa Raskazone kuogelea saa nne asubuhi wakati wa bamvua anakuta tope, kaa na ngalawa zimelala ubavu, halafu anailaumu bahari. Muulize mvuvi yeyote, "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Jibu lake ndilo ratiba yako.

Swali hilo lina uzito zaidi kama unataka kuvuka kwenda Toten, kisiwa kilicho mbele ya mji chenye magofu ya msikiti na makaburi. Jina lake ni la Kijerumani, linatokana na wafu. Patana bei ya chombo kizima, kwenda, kusubiri na kurudi, wala si ya kichwa kimoja. Lipa nusu, nyingine baada ya kurudi. Ondokeni maji yakiwa yanajaa, muda wa saa mbili hivi kabla hayajafika juu. Mkichelewa kurudi, chombo kinakwama kwenye tope na mtangoja maji ya usiku mkiliwa na mbu. Vaa viatu vya plastiki vyenye mkanda wa nyuma, maana ndala hubaki topeni. Na uliza maboya ya kuvaa kabla ya kupanda. Ukiuliza mkiwa katikati ya maji umeshachelewa.

Mjini penyewe ni pa kutembea kwa mguu au baiskeli, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi. Kati ya Desemba na Machi, saa sita mchana ya Tanga si ya kutembea. Reli ndiyo inayoupa mji umbo: upande wa bahari ni mjini, upande wa pili ni Ngamiani, ambako mitaa imenyooka na inaitwa kwa namba. Ukiambiwa "barabara ya kumi na mbili", hesabu tu, hupotei. Ardhi ni tambarare, ndiyo maana baiskeli zimejaa. Ulizia ya kukodi kwa mafundi, na kabla ya kulipa bana breki zote mbili, bonyeza matairi, dai kufuli.

Anzia boma la zamani la Wajerumani, lenye makumbusho ya Urithi. Ni madogo, lakini picha za kale zilizomo zitakufanya uyatambue majengo utakayoyakuta mitaani. Bila picha hizo utaona kuta zilizochakaa basi. Ujenzi wa reli ulianzia hapa mwaka 1893, na Shule ya Tanga ni ya 1892. Bandari usiipige picha, na sare yoyote usiielekezee simu. Ijumaa maduka mengi hufungwa kwa ajili ya swala kuanzia kama saa sita hadi saa nane. Nunua maji na vocha mapema. Mabega na magoti yafunikwe. Hakuna atakayekukemea, ila utaona salamu zinavyokuwa fupi.

Kutoka mjini fuata barabara ya pwani kupitia Bombo mpaka Raskazone. Hapa ndipo Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliposhuka wanajeshi wapatao 8,000 wa Uingereza, wengi wao Wahindi, wakapigwa na jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck, la watu kama 1,000, wengi askari Waafrika. Sehemu ya jeshi hilo ililetwa na reli kutoka upande wa Moshi. Nyuki waliochokozwa na risasi waliwauma wa pande zote mbili, lakini hadithi ilibaki ya Waingereza kukimbizwa na nyuki.

Amboni, kilomita kama 8 kaskazini kwenye njia ya Horohoro, nenda asubuhi ya siku ya pili. Mapango ni kumi, moja tu ndilo la wageni, na huingii bila muongozaji. Ubebe tochi yako. Tochi moja ya muongozaji kwa watu wanane humwacha wa mwisho gizani. Viatu vifungwe na soli isiwe laini, kwa sababu mawe ya chokaa yenye unyevu na kinyesi cha popo huteleza kama sabuni. Kuna mahali pa kuinama sana, kwa hiyo begi kubwa liache nje. Mwenye pumu au anayeogopa sehemu finyu aseme mapema. Utaonyeshwa mahali pa matambiko: usishike kilichowekwa, na uliza kabla ya kupiga picha. Utaambiwa pia kwamba pango linatokea Mombasa. Tabasamu tu. Waliolipima mwaka 1994 walikuta lililo refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Dereva mpatane akusubiri, la sivyo utarudi barabarani kwa miguu. Mtanzania abebe kitambulisho, kwani kiingilio chake si sawa na cha mgeni wa nje.

Mchana wa siku hiyo pumzika, kisha saa tisa elekea kusini kwa njia ya Pangani. Kilomita kama 10 ni Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962; alizaliwa 1909 Vibambani, kijiji cha jirani. Nashangaa watu wanaomkariri shuleni miaka yote wanavyopita hapo bila hata kupunguza mwendo. Mbele zaidi ni Tongoni: msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, mengine ya nguzo, yenye vishimo vilivyokuwa na mabakuli ya kutoka ng'ambo. Kuta usiziegemee wala usizipande, chokaa yake imechoka. Kwenye bahari ya karibu na hapa ndipo Vasco da Gama alipochoma merikebu yake moja mwaka 1499, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye.

Chakula hakikupi shida. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri, jioni pweza na muhogo wa kuchoma. Bei uliza kabla ya kuketi.

Siku ya kuondoka, kata tiketi Kange jana yake na weka sarafu mfukoni. Msimu wa machungwa, wauzaji wa Muheza huja hadi dirishani na basi halisimami sana. Ganda likiwa kijani usilikatae. Joto letu haliruhusu ganda kugeuka njano, lakini ndani limeshaiva.