Ribriza ya Nyumbani Ianzie Kwenye Maji ya Kifuani

Mtu aliyekaa miezi kadhaa karakanani akiunganisha mipira, vali, betri na vihisi mpaka akapata ribriza yake mwenyewe ana haki ya kutamani kuiona ikifanya kazi ziwani, na mimi simo miongoni mwa wanaoiita tamaa hiyo wendawazimu. Ninachokipinga ni kuifanya siku ya kwanza ziwani kuwa safari, yenye mashua, kamera, kina cha mita kumi na marafiki wanaoshangilia. Kwa maoni yangu, mara ya kwanza kifaa hicho kinapotoka katika bwawa la kuogelea na kuingia katika ziwa lolote la Uganda, anayekivaa asifike mahali ambapo hawezi kusimama wima, kichwa kikiwa nje ya maji.

Ribriza ni kifaa cha kupigia mbizi kinachoitumia tena pumzi ya mpiga mbizi badala ya kuimwaga majini. Hewa anayoitoa hupita kwenye mpira, huingia katika kopo lenye chembe za chokaa ya soda zinazonasa hewa ya ukaa, kisha huongezewa oksijeni kidogo kutoka mtungini na kumrudia kupitia mfuko wa pumzi. Mwili uliopumzika hutumia takriban robo lita ya oksijeni kwa dakika, na anayeogelea hutumia lita moja au zaidi kidogo, kwa hiyo mtungi mdogo wa lita mbili au tatu huweza kutosha kwa saa kadhaa. Tena hakuna mapovu ya kuwafukuza samaki. Fundi mmoja ninayemfahamu hapa Kampala anaijenga yake kwa sababu hiyo ya mwisho: anataka kuwapiga picha nkejje, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wale waliosalia baada ya sangara kuletwa ziwani katika miaka ya 1950, bila kuwatawanya.

Wajenzi wengi huhangaika na uvujaji, na karibu maswali yote wanayoniuliza yanahusu gundi, pete za mpira na viungo. Lakini uvujaji una adabu. Hutoa mapovu, huleta ladha ya magadi mdomoni maji yanapoifikia chokaa, na mara nyingi humpa mtu nafasi ya kutoka. Hatari inayoua haijitangazi. Mwili wa binadamu hujua kwamba unahitaji kupumua kwa kuhisi hewa ya ukaa ikiongezeka, wala si kwa kuhisi oksijeni ikipungua. Sasa, ribriza huiondoa hewa ya ukaa, kwa hiyo oksijeni ikikatika, pengine kwa sababu tu vali ya mtungi haikufunguliwa, mpiga mbizi ataendelea kuvuta pumzi kwa raha mpaka azimie. Oksijeni ikizidi mno, nayo huleta degedege, na degedege chini ya maji ni kuzama. Daktari Andrew Fock wa Australia, katika makala aliyoichapisha mwaka 2013, alihesabu vifo 181 vya wapiga mbizi wa ribriza kati ya mwaka 1998 na 2010, akakadiria kwamba hatari ya kufa na kifaa hiki ni kama mara kumi ya ile ya mtungi wa kawaida.

Sisemi haya kumdharau fundi. Ribriza ya kwanza iliyofaa kwa kazi ilitengenezwa na Mwingereza Henry Fleuss mwaka 1878, na kilichonasa hewa ya ukaa ndani yake kilikuwa nyuzi za kamba zilizolowekwa katika potashi kali. Miaka miwili baadaye mpiga mbizi Alexander Lambert aliivaa akaingia katika njia ya reli ya chini ya mto Severn iliyofurika, ili kwenda kufunga mlango wa chuma. Mafundi wa Katwe, mtaa wa karakana hapa Kampala, wanaweza kutengeneza kopo zuri kuliko lile. Wanachokikosa ni maabara. Kiwanda kinachofuata kiwango cha Ulaya cha EN 14143 hukipima kifaa kwa mashine inayopumua badala ya mtu, ikisukuma lita 1.6 za hewa ya ukaa kwa dakika katika maji ya nyuzi 4 tu. Mjenzi wa nyumbani hana mashine hiyo. Mashine ni yeye mwenyewe, na ndiyo maana kina cha majaribio kinapaswa kuwa cha mtu anayeweza kukosea akaishi.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya bahari hulipita haraka, nalo kwetu ndilo la kwanza. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ufukweni mwake ni kama bar 0.88 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Vihisi vya oksijeni havipimi asilimia; hupima mgandamizo wa oksijeni peke yake, na kabla ya kutumika husawazishwa kwa kupulizwa oksijeni tupu. Ikiwa programu iliyonakiliwa na fundi inadhani kwamba oksijeni tupu ni bar 1.0, kama ilivyo Mombasa, basi kila namba itakayoonekana kwenye skrini itakuwa kubwa kuliko ukweli. Skrini itasema 1.3 na mpiga mbizi atakuwa na 1.15. Itasema 0.18 naye atakuwa amekwisha kufika 0.16, kiwango ambacho watu wa kazi hii hukihesabu kuwa mwanzo wa hatari ya kuzimia. Kosa hilo halionekani katika bwawa la hoteli, kwa sababu bwawa la Kampala liko juu vilevile na namba zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Litafichuka tu kwa anayebeba kipimo cha mgandamizo wa hewa na kuiingiza namba halisi kwenye programu.

Ziwa Bunyonyi, lililoko karibu mita 1,960, ni gumu zaidi. Mgandamizo pale ni kama bar 0.80, kwa hiyo hewa hii hii tunayoivuta tukiwa tumekaa ufukweni ina oksijeni ya bar 0.167. King'ora kilichowekwa kulia kwenye 0.18 kitaanza kulia kabla mtu hajalowa, naye, kama wengi wetu tulivyo na ving'ora, atakizima.

Kosa la namba hujitokeza pia katika kiwango ambacho kifaa huagizwa kukishikilia. Vifaa vingi vya kiwandani huwekwa 1.3 vikiwa chini ya maji, na wajenzi huiga bila kufikiri. Katika maji ya mita 1.5 kwenye Ziwa Victoria mgandamizo wote ni kama bar 1.03, yaani hata mfuko wa pumzi ukijazwa oksijeni tupu, 1.3 haifikiki. Vali ya umeme itaendelea kufunguka ikimwaga oksijeni, mfuko utavimba, na mpiga mbizi ataibuka kama boya huku akilaumu mkanda wake wa uzito kuwa mwepesi. Kwa siku hiyo 0.7 inatosha. Kisha kuna jaribio moja ambalo nalipenda kuliko yote: mtu akiwa ametulia majini, mwenzake amesimama kando akiitazama skrini, vali ya oksijeni ifungwe kwa makusudi na namba iachwe ishuke polepole hadi 0.4, ndipo ifunguliwe tena. Vihisi vyote vya oksijeni vikishuka pamoja na kupanda pamoja, kifaa kimesema kitu cha kweli kukihusu. Kimoja kikibaki nyuma, siku imekwisha.

Kuhusu chokaa siwezi kuwa na utulivu huo, kwa kuwa hakuna skrini ya kawaida inayoipima. Watu hutegemea mazoea ya kupumua kwenye kifaa kwa dakika tano nchi kavu, wakiamini kwamba hewa ya ukaa ikipita watajisikia vibaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwajaribu wapiga mbizi 20 kwa njia hiyo bila wao kujua hali ya kopo. Lilipokuwa tupu kabisa, watano kati yao walimaliza dakika zote tano bila kuacha. Lilipokuwa na hitilafu ya sehemu tu, walioacha walikuwa wawili tu. Kwa bahati, maji ya Ziwa Victoria yana nyuzi kama 25, na chokaa hufanya kazi vizuri zaidi penye joto kuliko penye baridi. Hata hivyo chokaa inayouzwa kwa ajili ya mashine za usingizi za hospitali ipakiwe upya kila siku ya majaribio, itikiswe ishikane vizuri, na iliyotumika itupwe, hata kama rangi yake haijageuka zambarau na hata kama bei inauma.

Wapo watakaoniuliza tofauti ya maji ya kifuani na bwawa iko wapi. Iko katika mawimbi yanayomsukuma mtu huku na huku mpaka mfuko wa pumzi unakuwa juu ya mapafu mara hii na chini yake mara ile, katika mchanga unaoingia kwenye vali, na katika maji ya kijani ambamo mkono ulionyooshwa huonekana kwa shida. Napendekeza ufukwe wa mchanga unaoteremka taratibu, kama zilivyo baadhi ya fukwe za visiwa vya Ssese katika Ziwa Victoria, wala si Bunyonyi, ambako kingo za bonde lililozama hushuka ghafla. (Watalii huambiwa kwamba Bunyonyi ina kina cha mita 900, vipimo vya wanasayansi vinataja kama 40, nazo zinatosha kumpoteza mtu aliyezimia.) Awepo mshika kamba asiye na kazi nyingine yoyote, wala simu mkononi. Asipojibiwa mvuto wa kamba, avute papo hapo. Mpiga mbizi avae mkanda unaokishikilia kipande cha mdomoni, ili akizimia asinywe maji, na abebe mtungi wa akiba wenye hewa ya kawaida ambao amekwisha kuutumia kwa mazoezi hadi mkono wake uufikie akiwa amefumba macho. Mita tatu zije siku nyingine, baada ya kifaa kufunguliwa, kukaushwa na kukaguliwa mezani.

Pendekezo langu lina gharama yake, na itakuwa si haki kuificha. Konokono wanaobeba kichocho hukaa hasa kwenye maji haya haya mafupi ya ukingoni, na nguo ya kuogelea haimzuii mdudu anayepenya ngozi. Panapokuwa na matete na magugu maji pasitumike, na baada ya majaribio mtu apange kumeza praziquantel wiki 6 hadi 8 baadaye, kwa kuwa dawa hiyo huua minyoo iliyokwisha kukomaa na kuiwahisha ni kuipoteza. Fundi wangu nimekwisha kumwambia aiandike kwenye bajeti, mstari mmoja chini ya chokaa.