Konsoli Isiyo na Mkono

Nintendo walipotoa GameCube mwaka 2001, watu waliicheka kwa sababu ya mkono wake wa kubebea, uliokaa mgongoni. Eti mashine ya gemu ina mkono kama kikapu cha sokoni! Nami nilicheka. Deni la kicheko hicho nililipa jioni moja nikihamisha konsoli yangu kutoka sebuleni kwenda chumbani. Safari ya hatua kumi na mbili. Nilipiga tisa.

Jina lake sitalitaja, maana kosa ni langu. Ina kilo nne na ushei, nyeusi, inang'aa pande zote kama kiatu cha bwana harusi. Plastiki ya kung'aa hupendeza siku ya kwanza. Siku ya pili imejaa alama za vidole, na mikono ikiwa na jasho inateleza kama kambale. Ile isiyong'aa, yenye ukwaru kidogo, inaficha vumbi na inashikika. Nilichomoa waya wa umeme, nikachomoa wa HDMI unaopeleka picha kwenye televisheni, nikajiona fundi. Waya wa pedi, kile kidude cha vitufe unachoshika unapocheza, nikausahau.

Hapa lazima niipe heshima Xbox ya kwanza, nayo ya mwaka huohuo wa 2001. Ilikuwa kama sanduku la bati, na pedi yake ya mwanzo ilitaka viganja vya mpiga kasia. Lakini waya wa pedi hiyo ulikuwa na kiungo karibu na plagi: mtu akijikwaa, kiungo kinaachia na mashine inabaki mezani. Waya wangu hauna kiungo. Pedi ilikuja inaburuzika nyuma, ikanasa kwenye mguu wa meza. Mimi nikaendelea na safari, konsoli ikaghairi. Tulikutana sakafuni. Kidole gumba cha mguu wangu kilitangulia kufika, kikawa godoro lake.

Iliwaka, ila diski haikusomwa. Ilikereza tu, kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Nikatwaa bisibisi ya T8, ile ya nyota yenye tundu katikati ya ncha. Skrubu zote nikazitia kwenye kisahani kimoja, ndefu kwa fupi, na huo ulikuwa ujinga: ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hupenya hadi kwenye bodi ya saketi. Chora umbo la mashine kwenye karatasi, kila skrubu uichomeke mahali pake. Kisha nikafika kwenye utepe wa diski, ule waya bapa unaounganisha sehemu ya diski na bodi. Utepe hauvutwi. Pale unapoingia pana kilimi cha plastiki. Ukikiinua kwa ukucha hadi kisimame wima, utepe unatoka wenyewe. Nilivuta kwanza. Kilimi nilikiona baadaye, kikipaa kuelekea chini ya kabati. Leo utepe umeshikwa na kipande cha sponji na gundi ya karatasi.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo. Sehemu ya diski hukaa juu ya vipira vinne vinavyomeza mtikisiko, na kimoja kilikuwa kimechomoka. Nilikitafuta kwa tochi, kwa sumaku (sumaku, kwa kipira!), kwa magoti. Nikafunga na vitatu. Sehemu ya diski ikainama kona moja, lenzi inayosoma diski ikakosa shabaha.

Ndipo nikaikumbuka PlayStation ya kwanza. Katika zile za mwanzo, lenzi ilipanda kigari cha plastiki, jirani kabisa na sehemu ya umeme inayotoa joto. Plastiki ikalika, lenzi ikalegea, filamu za gemu zikakatakata, na dawa ya watu ikawa kuipindua mashine tumbo juu. Matoleo ya baadaye yaliisogeza lenzi mbali na joto.

Nikaipindua yangu. Ikasoma!

Ilifanya kazi hivyo wiki tatu, miguu juu kama mende, hadi mpwa wangu alipokuja. Nilikuwa jikoni, gemu likiendelea kupakia. Mtoto ana adabu sana. Aliikuta imepinduka, akaiinua taratibu kwa mikono miwili na kuiweka sawa, diski ikizunguka ndani.

"Mjomba," akaniita, "konsoli yako ilikuwa imeanguka. Nimeisaidia."

Ile diski bado ninayo. Ina mkwaruzo mmoja wa mduara safi kabisa, kama umechorwa kwa bikari.