Ahadi ya Vinywaji Katika Sekunde ya Mwisho

Mchezo wa sataranji wa dakika tatu hauishi kwa dakika tatu, kwa kuwa kila mchezaji hupewa dakika tatu zake mwenyewe na saa yake hutembea pale tu zamu inapokuwa yake, hivyo mchezo mzima unaweza kufika dakika sita. Hesabu hiyo ndiyo iliyonishawishi kwamba ningeweza kuumaliza mmoja ndani ya kikao cha kamati ya harusi ya mpwa wangu, katika ukumbi mdogo wa baa moja huko Sinza, wakati mweka hazina akisoma orodha ya waliotoa michango na waliotoa ahadi peke yake. Wanaovijua vikao vya harusi vya Dar es Salaam watakubaliana nami kwamba orodha hiyo haisomeki kwa dakika sita hata kama msomaji anafukuzwa na mbwa.

Mtandao ulinipangia mpinzani mwenye bendera ya Ufilipino. Simu niliilaza mapajani, chini ya meza, nikaweka uso wa mjumbe anayetafakari bajeti. Mchezo wenyewe ulikuwa wa aina isiyo na nyongeza, yaani sekunde ikienda imekwenda. Marehemu Bobby Fischer, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1972, aliliona tatizo hilo mapema, na mwaka 1989 alipewa hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, nchini Marekani kwa saa inayomwongezea mchezaji muda kidogo kila anapocheza. Siku hizi hata ubingwa wa dunia wa sataranji ya kasi huchezwa kwa dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili kwa kila mwendo. Sekunde mbili zinaonekana kitu kidogo, lakini hutosha kumhifadhi mtu mwenye kete nyingi na vidole vizito, na mimi ni mtu wa namna hiyo.

Kwa muda mrefu nilicheza kama mtu aliyelala vizuri. Farasi wangu alitishia mfalme na ngome kwa pamoja, nikaila ngome, na baada ya kubadilishana kete chache nilibaki na malkia, naye akabaki na ngome moja na askari mmoja aliyekuwa akijikongoja kuelekea mwisho wa ubao. Hata hivyo uzuri huo wote ulikuwa umenigharimu: nilikuwa na sekunde tisa, naye alikuwa na saba.

Wakati huohuo, juu ya meza, mwenyekiti alikuwa amesimama. Ni baba mkubwa wa bwana harusi, mstaafu wa serikali, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Ndugu wajumbe," alisema, "ukumbi tumeulipia, mpambaji tumempa nusu yake, mpishi ni mtu wetu. Lakini kwenye vinywaji tuna pengo la shilingi 1,800,000. Nauliza kwa unyenyekevu, nani atatuvusha?"

Ukumbi ulinyamaza. Wajumbe wote waliinamisha vichwa na kuanza kuchunguza viatu vyao, jambo lililonisaidia sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza jioni ile mkao wangu ulifanana na wa watu wengine.

Chini ya meza hali ilikuwa mbaya zaidi. Muda ukibana namna ile, wachezaji wa mtandaoni huagiza mwendo kabla ya zamu yao: unauelekeza mkono wako wakati mpinzani bado anafikiri, na mara tu anapocheza, mwendo wako unatekelezwa papo hapo, alimradi unaruhusiwa na kanuni. Programu haiulizi kama mwendo huo una akili. Nilimwagiza malkia aende kumtishia mfalme, Mfilipino akamsogeza mfalme wake hatua moja, na malkia wangu akatii amri kwa uaminifu wote, akaenda kusimama ubavuni mwa mfalme yule bila ulinzi wa mtu yeyote. Akaliwa.

Nikabaki na mfalme peke yake katika ubao mzima. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kukimbia, nami nilikimbia, kushoto na kulia, nikigonga kioo cha simu kwa kasi ambayo jirani yangu baadaye aliielezea kuwa ni ya mtu anayepapasa kiberiti gizani. Saa ya mpinzani ilisoma sekunde moja, kisha nusu, kisha sifuri.

Niliruka kutoka kitini, mikono yote miwili juu, nikapaza sauti: "Ndiyo! Mimi!"

Makofi yalilipuka, na shangazi mmoja akapiga vigelegele. Mwenyekiti aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mjomba!" alisema, na nadhani machozi yalimlengalenga. "Nilijua tu kwamba mjomba hawezi kututupa. Katibu, andika. Vinywaji, mjomba, zote."

Ni hapo nilipotupa jicho kwenye simu ili walau nijifariji na ushindi wangu. Programu ilikuwa imeandika neno moja kubwa: sare. Kanuni ya sataranji, ambayo siku za kawaida naweza kuifundisha hata kwa watoto, inasema kwamba muda wa mpinzani ukiisha wakati wewe huna kete za kuweza kumfunga mfalme wake, hushindi, mnagawana pointi nusu kwa nusu. Mfalme aliye peke yake hamfungi mtu. Chini ya neno hilo kulikuwa na ombi la Mfilipino la kurudiana.

Mke wangu, aliyekuwa ameketi upande wa akina mama na kuyaona yote, hakusema neno mpaka tulipofika nusu ya safari ya kurudi nyumbani.

"Baba watoto, walau ulishinda?"

"Sare," nilijibu.

Akafikiri kwa muda. "Basi kesho mpigie mwenyekiti, umwambie hivyohivyo. Tunalipa nusu, na hiyo nusu nyingine amdai Mfilipino."