Rula haitibu mshono

Kuna ushauri unaorudiwa mno miongoni mwetu tunaoshona mifarishi ya viraka: "Usijali, utapunguza mwishoni," yaani utakata kingo zilizozidi. Vipande havikulingana? Utapunguza mwishoni. Mraba ulioundwa kwa vipande hivyo umekwenda upande? Utapunguza mwishoni. Nauita ushauri mbaya kwa sababu niliufuata, ukaniharibia mfarishi wangu wa kwanza wa nyota. Miraba yangu ilipokamilika kila mmoja ulikuwa na kipimo chake. Nikatafuta ule mdogo kuliko yote, nikaikata mingine yote ilingane nao. Ikalingana kweli. Ila nilipoiunganisha, nyota zikawa butu. Ncha zote zilikuwa zimezama ndani ya mishono.

Ncha ya nyota inataka robo inchi ya kitambaa kati yake na ukingo wa mraba. Robo hiyo ndiyo itakayomezwa na mshono wa kuunganisha mraba huu na jirani yake. Ukiikata, umeikata ncha yenyewe, hata kama bado unaiona mbele ya macho yako. Utagundua siku ya kuunganisha, na siku hiyo huna tena kitambaa cha kurudisha.

Kwa hiyo nasema hivi: kupunguza ni kazi ya vipande vidogo, hufanywa mapema, na hukata ziada uliyoiacha kwa makusudi. Mraba uliokwisha kukamilika rula iupime tu, na isiwe na cha kukata ila nyuzi mbili tatu zilizochomoza.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mshono wako, kutoka ukingo hadi uzi, umezidi robo inchi kwa nusu ya thumni tu (thumni ni moja ya nane ya inchi), kiasi ambacho jicho halikioni. Mshono hula pande mbili, kwa hiyo kila unapounganisha vipande viwili unapoteza thumni nzima. Safu ya vipande 16 ina mishono 15. Hizo ni thumni 15, karibu inchi 2 zimetoweka. Sasa safu hiyo unataka kuishonea kwenye safu nyingine yenye vipande vikubwa vinne na mishono mitatu tu, ambayo imepoteza thumni tatu. Hazitakutana kamwe, na hakuna pini itakayozilazimisha.

Dawa yake ni jaribio ambalo mimi siuanzi mfarishi wowote kabla ya kulifanya. Kata mikanda mitatu, kila mmoja upana wa inchi 1.5 kamili. Ishone sambamba, ipige pasi, kisha pima. Mkanda wa kati uwe inchi 1, na yote mitatu kwa pamoja inchi 3.5. Wa kati ukiwa mwembamba, mshono wako ni mpana. Ukiwa mpana, mshono ni mwembamba. Wengi wanaoshona robo inchi kamili hushangaa kukuta wa kati umepungua. Sababu ni kwamba kitambaa kikilazwa upande mmoja hukunjika juu ya uzi, na mkunjo huo nao una unene, nao unakula nafasi. Ndiyo maana robo tunayoitaka ni robo pungufu, chini ya robo kamili kwa upana wa uzi mmoja au miwili. Ukishaipata, bandika utepe mnene kwenye sahani ya cherehani uwe kizuizi cha ukingo wa kitambaa, na usibadilishe sindano, uzi wala cherehani hadi umalize. Uzi mnene unabadilisha kipimo. Mimi natumia uzi mwembamba wa pamba, namba 50, na hatua ya sindano ya milimita 2 hivi.

Jambo la ukataji tunalipita haraka mno. Waliotutangulia walichora kiolezo juu ya kitambaa, wakachora na mstari wa mshono wenyewe, kisha wakashona kwa mkono juu ya mstari huo. Ukingo ukiwa umekatwa ovyo haukuwadhuru, maana hawakuufuata. Kisu cha gurudumu, ambacho kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979, kilibadilisha mambo hayo. Sasa tunakata tabaka kadhaa kwa mpigo mmoja, hatuchori mstari, tunaufuata ukingo. Basi ukingo ukikosewa, kila kitu kilichoujengea kimekosewa. Napenda kisu hicho sana, sitaki kurudi kwenye mkasi, lakini kinadai kitu ambacho mkasi haukudai.

Kinadai, kwanza, kitambaa kilichonyooshwa kwa pasi na wanga kabla hakijaguswa. Kisha ukate ukingo mmoja ulio wima kabisa juu ya kunjo. Usipokuwa wima, mkanda ukiukunjua utaukuta umevunjika katikati mithili ya herufi V. Mistari ya mkeka wa kukatia si ya kupimia, pima kwa rula. Na iwe rula moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa unene wa mistari hutofautiana kati ya rula na rula, na ukilaza mstari juu ya ukingo leo, kesho usiulaze kando yake.

Sasa nije kwenye mahali ambapo kupunguza kuna heshima yake: mraba wa pembetatu mbili. Miraba miwili ya rangi tofauti inawekwa uso kwa uso, unachora mstari wa mshazari kutoka pembe hadi pembe, unashona robo inchi kila upande wa mstari, unakata katikati, unapata vipande viwili. Kanuni inasema ongeza thumni saba juu ya kipimo cha mwisho. Mimi naongeza inchi nzima. Nikitaka kipande kitakachokuwa inchi 2 ndani ya mfarishi, nakata miraba ya inchi 3, nashona, kisha napunguza kila kipande hadi inchi 2.5. Ile thumni ya ziada ndiyo akiba yangu. Mshono wa mshazari hukatiza mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, na kitambaa kikikatwa hivyo huvutika kama mpira. Hakuna mkono utakaokishona kikabaki sawasawa kila mara, basi afadhali ukubali hilo mapema ukiachie nafasi.

Katika kupunguza kipande hiki, watu wengi hulaza rula kwa kufuata ukingo. Usiufuate, kwa sababu ndio uliokuja kuurekebisha. Laza mstari wa digrii 45 wa rula juu ya mshono wenyewe, usogee hadi ziada ionekane pande zote nne, kata kulia na juu. Zungusha kipande nusu duara, laza mistari ya inchi 2.5 juu ya zile kingo mbili ulizokata, huku mstari wa 45 ukiwa bado juu ya mshono, ukate pande mbili zilizobaki. (Wenye kutumia mkono wa kushoto wageuze kulia kuwa kushoto.) Mshono utaingia pembeni kamili. Kwa mfarishi mkubwa ni mamia ya vipande, nami nakiri ni kazi ya kuchosha, lakini ni kazi ya kukaa, na kila kipande kilichokwisha kupunguzwa hakikudai tena chochote.

Kabla ya hapo, pasi. Ishushe, iinue, ishushe pengine. Ukiiburuta juu ya mshazari, umekivuta kipande na kukipinda bila kujua. Anza kwa kuupiga mshono ukiwa bado umefungwa, uzi uzame ndani ya kitambaa, ndipo ufungue. Mimi huulaza upande wa rangi nzito, isipokuwa pale mishono mingi inapokutana kituo kimoja. Hapo naipasua pande mbili ili pasiwe na kinundu. Safu zinazokutana nazilaza mishono yake kinyume, moja kulia nyingine kushoto, zikikutana zinakumbatiana zenyewe na kidole kinahisi.

Chukua nyota yenye ncha nane iliyo ya inchi 8 ikishaunganishwa. Ina mraba wa kati wa inchi 4.5, pembe nne za inchi 2.5, na mistatili minne yenye pembetatu, kila mmoja inchi 2.5 kwa 4.5. Katika mistatili hiyo, kilele cha pembetatu kubwa lazima kikae robo inchi chini ya ukingo. Pima hapo, kila mmoja, kabla ya kuunganisha. Ukigeuza upande wa nyuma utaona mishono miwili imekatana kama alama ya X. Sindano ipite juu kidogo ya makutano hayo, kwa upana wa uzi mmoja kuelekea ukingo, na ncha itatoka mbele nzima kabisa. Ikipita chini yake, ncha imekatwa.

Nyota ikikamilika, inapaswa kuwa inchi 8.5. Pima upana, urefu, na pembe hadi pembe pande zote mbili, takriban inchi 12. Vipimo viwili vya mshazari vikitofautiana, mraba umelala upande, na tiba yake ni mvuke kidogo na pini juu ya ubao wa pasi, usubiri upoe ukiwa umebanwa. Kisu kibaki mezani.

Na ukiwa umepungua? Ukipungua nusu ya thumni, uache ulivyo. Wakati wa kuunganisha, weka mraba ulio mrefu chini, mfupi juu, kwa kuwa meno ya cherehani huvuta zaidi kitambaa cha chini na kile cha ziada kinajipenyeza chenyewe bila mkunjo. Ukipungua robo nzima, fumua. Nusu saa ya kifumulio ni nafuu kuliko nyota butu utakayoiangalia kila unapotandika. Na ikiwa miraba yote imepungua kiasi kilekile, tuseme ni inchi 8 na thumni 3, basi hakuna sababu ya kuikata. Kata mikanda ya kuitenganisha kwa kipimo hicho, na mfarishi wote utakaa sawa.

Wanaosema upunguze hadi ulingane na mdogo kuliko yote hunijibu kwamba miraba isipolingana haiungiki. Inaungika. Ule mdogo mmoja fumua, ushone upya. Kuna sababu gani ya kukata ncha za miraba 29 iliyo sawa ili ifanane na mmoja uliokosewa?