Kodi ya ukuta au asilimia ya mauzo? Hesabu ya galari ndogo za wasanii

Kikundi cha wasanii hukodi nyumba, kikapaka chumba cha mbele rangi nyeupe, kikatangaza maonyesho. Ya kwanza na ya pili huenda kwa michango na moyo. Yakifika ya nne, mwenye nyumba anadai pango na kikao cha wanachama kinagawanyika. Upande mmoja unataka msanii anayetundika kazi alipie ukuta kabla msumari wa kwanza haujagongwa. Upande wa pili unataka asitozwe kitu, ila kazi ikinunuliwa galari ikate asilimia yake.

Wanaotetea kodi ya ukuta wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Fedha inaingia mapema, wakati ndiyo inahitajika: rangi, usafiri, lebo na vinywaji vya siku ya ufunguzi hulipwa kabla mnunuzi hajaonekana. Msanii hubaki na kila senti ya mauzo. Tena hakuna anayemwambia, "Kazi hii haiuziki, leta nyingine." Kwa maonyesho ya wahitimu au chama cha wapiga picha, ambapo watu 15 wanagawana gharama, kodi ya ukuta ni njia ya haki na haina ugomvi.

Ubaya wake huanza msanii akiwa peke yake. Tuchukue mfano wa hesabu kwa shilingi za Kenya. Tuseme pango, umeme, intaneti na mlinzi ni 65,000 kwa mwezi, na kila maonyesho hugharimu 40,000 kuyaweka na kuyaondoa. Galari ikifanya maonyesho kila mwezi, mwaka unakula 1,260,000. Igawe kwa 12: kila msanii anadaiwa 105,000 kabla hajauza hata mchoro mmoja. Atakayeweza kulipa ni mwenye mshahara mahali pengine au mwenye mfadhili. Kijana wa mwaka wa pili tangu atoke chuoni, ambaye kwa kawaida ndiye sababu ya kikundi kuanzishwa, anabaki nje ya mlango. Wa video au wa kazi za kusimikwa chumbani hali yake ni ngumu zaidi, kwa kuwa analipa sawa na wengine huku akijua hana cha kumuuzia mtu aende nacho nyumbani.

Kwa hesabu hiyohiyo, tazama sasa asilimia. Galari za kibiashara kwa kawaida hugawana na msanii nusu kwa nusu. Vikundi vya wasanii huchukua pungufu, na 30 ni kiwango ambacho wengi wanakikubali. Ili 30 kwa mia ilete 1,260,000, mauzo ya mwaka lazima yafike 4,200,000, yaani 350,000 kila mwezi bila kukosa. Galari changa haiuzi hivyo. Inaweza kuuza 500,000 mwezi mmoja, kisha miezi mitatu ikapita bila stika nyekundu, alama ya kazi iliyouzwa, hata moja. Hapo ndipo shinikizo hujipenyeza bila mtu kulitangaza. Kamati inaanza kupendelea michoro ya ukubwa wa kuingia kwenye gari dogo, yenye rangi za kuchangamsha sebule. Hakuna kikao kilichoamua hivyo; pango ndilo limeamua.

Historia ya Nairobi ina funzo hapa. Gallery Watatu ilianzishwa mwaka 1969 na wasanii watatu, Yony Waite, Robin Anderson na David Hart, na jina lake likatokana na idadi yao. Katikati ya miaka ya 1980 ilipita mikononi mwa Ruth Schaffner, mfanyabiashara wa sanaa, aliyewafikisha wachoraji kama Jak Katarikawe na Sane Wadu kwa wanunuzi wa mbali. Mafanikio hayo hayawezi kubezwa. Lakini nyumba iliyoanza kama ukuta wa wasanii ilifika huko kwa kuwa duka zuri lenye mwenye duka. Asilimia ikifanya kazi vizuri, huelekea huko: inahitaji mtu wa kuuza kutwa nzima, na mtu huyo, kwa haki kabisa, huanza kuchagua anachoweza kuuza.

Je, asilimia haina faida yoyote juu ya kodi? Inayo, tena ipo mahali ambapo wengi hawaitazami: ubora wa kazi ya kuandaa na kutundika. Galari iliyokwisha kulipwa ina sababu ndogo ya kuhangaika. Angalia kinachofanyika ndani ya ile 40,000. Chumba cha mita 6 kwa 8 chenye kuta za mita 3 kina takriban mita za mraba 84. Mikono miwili ya rangi ni mita 168, na lita moja ikifunika kama mita 10, unahitaji lita 17, yaani ndoo nzima ya lita 20. Kazi 20 zenye ndoano mbili kila moja huacha matundu 40. Kila tundu lazibwe kwa puti, likauke, lipigwe msasa, ndipo lipakwe. Anayeharakisha hupaka juu ya puti mbichi, na taa zikiwashwa ukuta unaonyesha madoa 40 ambayo mchana hayakuonekana. Galari inayoishi kwa kodi ya ukuta hubana matumizi hapohapo: inagusagusa rangi, inaacha taa zilivyoelekezwa maonyesho yaliyopita, inamkabidhi msanii nyundo na misumari na kumtakia kila la heri.

Naye msanii bila msaada hutundika kwa jicho. Kanuni yenyewe si ngumu. Katikati ya picha ikae sentimita 150 kutoka sakafuni. Kupata mahali pa ndoano, chukua 150, jumlisha nusu ya kimo cha picha, kisha toa umbali kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi waya ukiwa umevutwa. Picha ya kimo cha sentimita 90, waya wake ukiwa sentimita 12 chini ya ukingo, ndoano inaingia kwenye 183. Ndoano mbili hushikilia picha isipinde kila mlango unapogongwa. Kwenye kuta za mawe msumari hujikunja na kubomoa plasta, hivyo ni drili ya milimita 6, plagi na skrubu, pamoja na pimamaji. Taa ielekezwe nyuzi 30 hivi kutoka wima: ikisogea karibu na ukuta inatupa kivuli cha fremu juu ya picha, ikienda mbali inamulika macho ya mtazamaji.

Suala la kazi kuharibika nalo huamuliwa na mkataba wa fedha. Kwenye kodi ya ukuta karatasi huandikwa kwamba kazi zimo ndani kwa hatari ya mwenyewe. Kwenye asilimia galari imekabidhiwa mali ya mtu, na ni lazima ijibu. Hilo si jambo dogo katika joto la Dar es Salaam au Mombasa. Rangi ya akriliki hulainika kwa joto. Ukiifunga moja kwa moja kwa plastiki ya mapovu na kuiweka stoo siku chache, unaifungua ikiwa na alama za duara uso mzima, na hazitoki. Karatasi ya kuokea mikate, ile isiyonata, ikiwekwa kati ya rangi na plastiki inazuia hasara hiyo kwa gharama ndogo sana. Unyevu wa pwani nao huleta ukungu nyuma ya turubai iliyobanana na ukuta. Vipande vidogo vya mpira kwenye pembe nne za nyuma huacha hewa ipite. Galari iliyosaini fomu ya makabidhiano, yenye picha za kila kazi mbele na nyuma, huyakumbuka mambo haya. Iliyokwisha kupokea kodi yake huyakumbuka msanii akianza kulalamika.

Asilimia nayo ina tundu linalovuja kila siku, na wasanii wenyewe ndio waliolitoboa. Mgeni anamkuta msanii usiku wa ufunguzi, anachukua namba yake, wiki mbili baadaye anamfuata studio na kulipa kwa simu bila galari kujua. Bei ya studio mara nyingi huwa chini kwa ile 30 kwa mia, na mnunuzi akishajua hivyo hatanunua ukutani tena. Mkataba useme mambo matatu waziwazi: bei ni moja kokote, mgeni aliyeandika jina kwenye kitabu cha wageni akinunua ndani ya siku 90 baada ya maonyesho, galari inapata sehemu yake, na gharama ya fremu iliyolipwa na msanii inatolewa kwanza kabla ya kugawana. Mchoro wa 50,000 wenye fremu ya 8,000 unagawanywa kwenye 42,000: galari 12,600, msanii 29,400 pamoja na 8,000 zake. Bila kipengele hicho galari inakata asilimia kwenye mbao za fundi.

Msimamo wetu ni kwamba pande zote mbili zinaubebesha ukuta mzigo usio wake. Pango la nyumba lisilipwe na maonyesho kabisa, lilipwe na kodi ya vyumba vya kazi, yaani studio za wanachama. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2008, imejengwa kwa makontena yaliyogeuzwa kuwa studio. Brush Tu, kikundi cha wasanii cha Buruburu, Nairobi, ilianzishwa mwaka 2013 na Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku kama mahali pa kufanyia kazi kwanza. Kuona Trust, kituo cha wasanii kilichozaliwa mwaka 1995 ndani ya makumbusho ya taifa mjini Nairobi, kiliegemea wafadhili kwa miaka mingi. Baada ya misukosuko, waliojipanga upya kama Kuona Artists Collective ni wasanii waliokuwa na studio pale pale.

Rudi kwenye mfano wetu. Wanachama kumi wakilipa 6,500 kila mmoja kwa chumba cha kazi, ile 65,000 imepatikana. Maonyesho yanabaki kujilipia 40,000 zake tu, na kwa asilimia 30 hizo ni mauzo ya 133,000 na ushei. Michoro mitatu ya 45,000 inatosha. Maonyesho yakipunguzwa kutoka 12 hadi 6 kwa mwaka, moja kati ya hayo linaweza kuwa la video lisilouza chochote, na nyumba isitetereke. Reli ya kutundikia ikifungwa juu ya ukuta mara moja, matundu 40 yanatoweka na gharama inashuka zaidi.

Kuna pingamizi mbili za kweli. Wenye studio watauliza kwa nini walipie paa analotundikia mtu wa nje, na wakishaona wao ndio walipaji watataka kujipangia ukuta kila mara. Dawa ni kuandika mapema: katika maonyesho sita, mawili tu yawe ya wanachama, na kamati ya uteuzi ya watu watatu iwe na mmoja asiye na chumba pale, wote wakibadilishwa kila mwaka. Pingamizi la pili halina dawa ya karatasi. Wanachama wawili wakiondoka, pengo ni 13,000 kila mwezi, na mwenye nyumba hatangoji uteuzi wa wapya. Kwa hiyo orodha ya wanaosubiri chumba iwepo daima, na amana ya miezi miwili ichukuliwe kwa kila anayeingia, iwekwe kwenye akaunti isiyoguswa kwa vinywaji vya ufunguzi.