Pumzi za Gashe

Wenzangu wa kujitolea walianza kuumbuka mapema, na mimi nikawa nacheka. Tulikuwa Bahir Dar, kando ya Ziwa Tana kaskazini mwa Ethiopia, tumepelekwa kufundisha Kiingereza. Mwingereza mmoja kati yetu aliambiwa kipindi chake kinaanza saa 2. Akatokea saa 8 mchana, shati limenyooka kwa pasi, akamkuta mlinzi anafunga geti. Mimi hayo hayakunihusu. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa 12 asubuhi, basi. Hata kalenda yao niliipenda. Nilipanda ndege Oktoba 2017, nikashuka nikakuta ni 2010. Nikajiona kijana.

Kasheshe ikaanzia darasani. Nilieleza somo, nikauliza, "Mmenielewa?" Msichana wa dawati la mbele akavuta pumzi ghafla, "hhh!", kama mtu aliyeona nyoka. Nikageuka nyuma. Ubao tu. Nikauliza tena, na safari hii safu nzima ya dirishani ikajibu: "Hhh!"

Vumbi la chaki, nikawaza. Nikafungua madirisha yote. Sentensi iliyofuata, hhh. Basi ni hewa nyembamba, maana mji ule uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. (Kwamba watoto wamezaliwa hapohapo na mgeni ni mimi, wala halikunijia.) Nikawa nakatisha kipindi katikati ili watoke nje wapumue. Walinipenda sana.

Sasa, kabla ya safari tulipewa semina ya huduma ya kwanza. Tulifundishwa mengi, nami nikashika moja tu: mtu aliyepaliwa. Unasimama nyuma yake, unamkumbatia, ngumi juu kidogo ya kitovu, mkono wa pili juu ya ngumi, unavuta kwa ndani na kwa juu, tena kwa nguvu. Nilimfanyia mazoezi mwenzangu mpaka akaomba kubadilishiwa kundi.

Jumamosi moja mwalimu wa kemia akatualika kwake kunywa kahawa. Kule kahawa si ya kunywa huku umesimama. Nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, ubani unafuka, mama wa nyumba anakaanga buni mbele ya macho yenu, anatwanga, anachemsha ndani ya jebena, chungu chenye shingo ndefu, kisha anamimina kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Pembeni kuna sinia la bisi. Mizunguko ni mitatu: aboli, tona, baraka. Kuaga kabla ya baraka ni kumvunjia heshima mwenyeji.

Niliketishwa karibu na mwalimu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Gashe, kama wanavyoitwa wazee wanaoheshimiwa. Amejifunga shuka jeupe, kikombe mkononi, bisi kiganjani. Akaniuliza safari yangu ilikuwaje. Nikaanza kumsimulia begi langu lilivyopotea uwanja wa ndege.

"Hhh!" akafanya Gashe.

Nikasita. Naye akatulia. Nikaendelea: nikazunguka ofisi hadi ofisi. "Hhh!" Nikaambiwa begi limekwenda nchi nyingine. "Hhh! Hhh!" Mkono ukapanda kifuani. Nikaliangalia lile sinia la bisi, nikaangalia watu waliotuzunguka wanavyopiga soga bila habari, nikajua mzee wa watu anatufia.

Niliruka. Nikamdaka kwa nyuma, ngumi mahali pake, nikavuta. Kikombe kikapaa. Kahawa ya aboli, nzito na nyeusi, ikashuka taratibu juu ya lile shuka jeupe, na bisi zikatawanyika kwenye nyasi. Nikavuta tena, maana semina ilisema usikate tamaa mapema.

"Mwalimu!" mwenyeji akapiga kelele. "Unamfanya nini Gashe?"

"Amepaliwa!"

"Hajapaliwa! Anakuitikia!"

Nikamwachia. Gashe alikuwa anatoa sauti kwa kweli sasa, ila ilikuwa kikohozi. Mwenyeji akanieleza polepole kwamba kule mtu akivuta pumzi namna ile anasema ndiyo, nakusikia, endelea. Mwingereza wangu alikuwa amejificha uso ndani ya kofia, mabega yanatikisika.

Ningeaga, ningeaga mbio. Lakini tulikuwa bado kwenye aboli. Ikabidi nikae kusubiri tona, kisha baraka, bega kwa bega na mzee niliyemkamua mbavu, huku mama wa nyumba akiokota bisi moja moja na hakuna anayesema neno.

Gashe ndiye aliyevunja ukimya. Alisimama, akachukua kigoda chake, akakisogeza hadi mgongo ukagusa ukuta. Akahakikisha hakuna upenyo nyuma yake.

"Haya, mwalimu," akasema, "begi lilipatikana?"